Ufunguo wa sefu usiyoijua: wachonga funguo wa Dodoma wanafika wapi?

Kwa kufuli la geti, kitasa cha chumba au droo ya meza ya ofisi, Dodoma mjini hutahangaika. Meza za wachonga funguo zipo kandokando ya Soko la Majengo, zipo Sabasaba, zipo mitaa ya Uhindini, na kwa funguo za namna hiyo kazi yao ni ya kuaminika. Unatoa sampuli, mashine inaunguruma, unalipa, unaondoka. Sefu ni habari nyingine kabisa. Hapa tunapima huduma moja tu: kupata blanki sahihi, yaani ufunguo ambao bado haujachongwa meno, kwa ajili ya sefu ambayo hakuna mtu ofisini anayeijua vizuri. Ni ile iliyonunuliwa mnadani, iliyoachwa na mhasibu aliyestaafu, au iliyoshushwa kwenye lori wakati wa kuhamia makao makuu ikiwa na ufunguo mmoja uliochakaa na bila karatasi hata moja.

Tunasema mapema tunachofikiri. Fundi wa mezani Dodoma ana mkono mzuri na ana stoo ndogo. Anaweza kuchonga kwa tupa jino ambalo mashine ya bei rahisi ingelikosea, lakini blanki alizonazo ukutani ni za kufuli za Tri-Circle na Solex, za vitasa vya Union, za silinda za milango ya alumini, na za pikipiki. Kwenye sefu, kutambua blanki ndiyo kazi yenyewe. Blanki ikikosewa, hata mkono wa dhahabu hautaiokoa. Kwa hiyo fundi tunayempa alama za juu ni yule anayechukua kalipa, kile kifaa cha kupimia unene na kipenyo, kabla ya kuwasha mashine, na anayethubutu kukwambia, "Hii sina."

Kabla hujaenda popote, hakikisha kwamba tatizo lako ni ufunguo kweli. Sefu nyingi ndogo za kielektroniki, zile za vitufe zinazouzwa madukani kwa matumizi ya nyumbani na hotelini, hukataa kufunguka kwa sababu ya betri tu. Nyingi hutumia betri nne za AA, na nyingine huja na kisanduku kidogo cha betri cha kuchomeka kwa nje ili ufungue zile za ndani zikifa. Jaribu hilo kwanza. Kwa sefu za ufunguo wa chuma, mtuhumiwa wa kwanza wakati wa kiangazi cha Dodoma ni vumbi. Vumbi letu ni jembamba, linaingia kwenye tundu la ufunguo na kushindiliwa kidogo kidogo kila ufunguo unapoingia. Funguo zenye shina lililo wazi kama mrija ndizo zinazoteseka zaidi: vumbi linajaa ndani ya shina, ufunguo hauingii hadi mwisho, na mwenye sefu anaamini meno yamelika. Chukua sindano au kijiti chembamba, kwangua ndani ya shina, gonga ufunguo kwenye kiganja, jaribu tena. Usinyunyize mafuta ndani ya kitasa. Mafuta yanashika vumbi, leva, yaani yale mabamba membamba ya ndani ya kitasa yanayoinuliwa na ufunguo, zinanata, springi zinashindwa kuzirudisha chini, na hapo utakuwa umeongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Kama ni ufunguo kweli, uangalie upande wa ncha. Sefu zilizozoeleka huku kwetu zina funguo za sura chache. Upo ufunguo wa mabawa mawili, yaani shina la mviringo lenye bamba pande zote mbili, na kila bamba limekatwa ngazi ngazi; huu ni wa kitasa cha leva, na ndio wa sefu nyingi nzito. Upo wa bawa moja, mara nyingi kwenye sefu za zamani. Upo wa mrija, mfupi, wenye vijishimo kuzunguka mdomo wake. Huu hukaa kwenye sefu ndogo za vitufe kama ufunguo wa dharura, na tundu lake hufichwa nyuma ya nembo au kifuniko cha plastiki karibu na vitufe. Upo wa msalaba, wenye pande nne. Upo bapa wenye vitobo usoni badala ya meno ukingoni. Kila sura ina blanki zake na mashine yake, na hapo ndipo mteja anapoanza kumchuja fundi. Mashine ya kawaida ya mezani, yenye jiliwa mbili na gurudumu moja la kukatia, imetengenezwa kwa funguo bapa za meno ya ukingoni. Haichongi mrija. Haichongi vitobo. Ya mabawa mawili inataka mashine yenye gurudumu jembamba na jiliwa zinazoshika shina, au fundi mwenye tupa nyembamba na subira ya kutosha.

Tukae hapa kwenye mabawa mawili, maana ndiko pesa za watu zinakopotelea.

Kitasa cha leva kina mabamba membamba yaliyopangwa kama karatasi, sefu nyingi zikiwa na saba, nane au zaidi. Kila ngazi ya ufunguo inainua bamba lake hadi kimo kimoja kamili, na bamba lisipofikia kimo hicho, au likikipita, komeo halisogei. Ngazi moja kwenye bawa kwa kawaida haina kazi ya kuinua leva. Yenyewe inasukuma komeo. Sasa fikiria blanki inavyoweza kuharibu mpango huo hata kabla meno hayajachongwa.

Shina likiwa nene kuliko tundu, haliingii, na hilo angalau unalijua papo hapo. Shina likiwa jembamba ndipo taabu inapojificha: ufunguo unaingia vizuri, lakini unainama kidogo ndani ya kitasa, leva za mwisho zinainuliwa pungufu kuliko za mwanzo, na sefu inafunguka leo, inakataa kesho. Unene wa bawa una tabia hiyo hiyo. Bawa likiwa nene halipiti kwenye mwanya. Likiwa jembamba linacheza. Urefu wa bawa kutoka ukingo hadi ukingo, ukipungua, huwezi kuongeza: ngazi ndefu kuliko zote haitafikia kimo chake, na ile ya kusukuma komeo itapapasa hewa. Hapo utasikia ufunguo unazunguka na leva zinainuka, lakini komeo halijatikisika.

Kipimo kinachosahaulika kuliko vyote ni umbali kutoka kwenye kola hadi mwanzo wa bawa. Kola ni ile pete au bega kwenye shina linalogota kwenye kitasa na kuzuia ufunguo usiingie zaidi. Mafundi wengi hupima urefu wote wa ufunguo, kutoka kishikio hadi ncha, wakaridhika. Urefu wote haukwambii lolote kuhusu mahali ngazi zitakapokutana na leva. Leva ni bamba la unene wa milimita moja hadi mbili hivi. Kola ikikaa nusu milimita nje ya mahali pake, kila ngazi imehama nusu milimita, na inagusa leva yake pamoja na ya jirani. Ufunguo wa namna hiyo ukiuweka sambamba na wa zamani utasema ni mapacha. Ndani ya kitasa hausogezi kitu. Funguo nyingine hazina kola. Zinagota kwenye ncha. Basi kipimo kinaanzia nchani. Fundi anayejua kazi atakuuliza, au ataangalia mwenyewe, ufunguo wako unagota wapi. Asipouliza, muulize wewe.

Kwa hiyo vipimo vya kuandika kwenye karatasi kabla ya kwenda mezani ni hivi: kipenyo cha shina, kama shina ni zima au lina tundu, na tundu likiwepo, kipenyo na kina chake, unene wa bawa, kimo cha bawa kutoka ukingo hadi ukingo, upana wa bawa kwa kufuata shina, umbali wa kola hadi bawa, na umbali wa bawa hadi ncha. Urefu wote andika mwisho. Una maana, kwa sababu mlango mnene unataka shina refu na ule wa bati unataka fupi, ila usiupe kiti cha mbele. Tumia kalipa ya dijiti inayosoma sehemu ya mia ya milimita. Rula ya shule haitoshi hapa. Pima kila sehemu mara tatu, kwenye maeneo ambayo hayajasuguliwa: shina karibu na kola huwa halijalika, ilhali ncha huwa imelika. Usipime unene wa bawa ukingoni penye ngazi. Pima karibu na shina.

Ukiwa na funguo mbili za sefu moja, peleka ule uliotumika kidogo, hata kama una kutu. Kutu inasafishika kwa brashi. Chuma kilicholika hakirudi. Na kama ufunguo ulionao ni nakala ya nakala, sema hivyo waziwazi kwa fundi, kwa sababu kila nakala imerithi kosa la iliyotangulia na kuongeza la kwake.

Funguo za mrija tutazipita haraka zaidi. Pima kipenyo cha nje na cha ndani kwenye mdomo. Utakutana na vipimo kama milimita 7.0, 7.5 na 7.8, na macho hayawezi kuvitofautisha. Hesabu vijishimo, saba ndiyo idadi ya kawaida, lakini zipo za nane na kumi. Kisha tazama kijino cha mwongozo, kile kinachotokeza kwenye mdomo na kukaa kwenye mfereji wa kitasa. Je, kipo nje tu, au nje na ndani? Kimekaa katikati ya vijishimo viwili, au kimesogea upande? Blanki yenye kijino cha upande haiwezi kukaa badala ya ile ya katikati, hata kipenyo kikilingana. Wafanyabiashara wa nafaka wa Kibaigwa na wenye maduka ya pembejeo wanaotumia visefu hivi wasikubali mtu ajaribu kuvichimba kwa drili ya mkononi. Vijishimo vinataka kina kamili na mashine yake maalumu. Kama fundi hana, hana.

Turudi kwenye mlango wa sefu. Kosa la wengi ni kusoma jina lililoandikwa kwenye mlango na kwenda kuomba blanki ya jina hilo. Jina la mlangoni ni la aliyetengeneza sanduku, na wakati mwingine ni la aliyeliuza tu. Kitasa mara nyingi kimetoka kwa mtu mwingine. Kama bado unaweza kuifungua sefu, fungua mlango, ondoa skrubu za bamba la ndani, utazame kasha la kitasa. Hapo ndipo utakuta jina halisi. Sefu za Ulaya mara nyingi zina vitasa vya Wajerumani kama Mauer, STUV au Wittkopp (CAWI), na kwenye kasha unaweza kukuta alama ya EN 1300, kiwango cha Ulaya cha vitasa vya sefu, pamoja na daraja A, B, C au D. Daraja A linataka angalau michanganyiko 25,000 ya meno kwa kitasa cha ufunguo, na B linataka 100,000. Namba hizo zinakueleza kwa nini mchezo wa "karibu sawa" haufai: ngazi zimekaribiana mno kwa kimo. Sefu za Godrej kutoka India na zile za zamani za Kiingereza za Chubb na Milner ni familia nyingine, zina blanki zake, na baadhi ya hizo blanki hazijatengenezwa kwa wingi kwa miaka mingi.

Wenye Chubb ya zamani wajue jambo moja kuhusu ufunguo mbaya. Mwaka 1818 Jeremiah Chubb alibuni kitasa chenye kinasa: leva fulani ikiinuliwa kupita kimo chake, springi inainasa na kitasa kinagoma chote. Ufunguo uliochongwa vibaya unaweza kukitega kitasa cha namna hiyo, na baada ya hapo hata ufunguo wa asili unaonekana umekufa. Usiulazimishe. Kwenye vitasa vilivyoboreshwa baadaye, ufunguo wa asili unazungushwa kwanza kinyume, kama unayefunga, hadi kinasa kiachie, ndipo unafungua kawaida. Watu wameharibu vitasa vizima kwa koleo kwa kutojua hilo.

Baada ya vipimo ni katalogi. Watengenezaji wakubwa wa blanki, Silca wa Italia, JMA wa Hispania na Börkey wa Ujerumani, wana katalogi zenye michoro ya ukubwa halisi, na zipo za mtandaoni. Unalaza ufunguo juu ya mchoro, unaangalia shina, bawa na kola vinavyofunikana. Herufi za mwanzo za namba ya blanki mara nyingi ni ufupisho wa jina la mtengenezaji wa kitasa, kwa hiyo ukishajua kasha limeandikwa nini, msitu unapungua. Kila mtengenezaji ana namba zake kwa umbo lile lile, na katalogi zina jedwali la kulinganisha. Hapa huduma ya Dodoma inatuvunja moyo kidogo. Mezani hutaona katalogi, na hata kwenye maduka yenye mashine nzuri, mwenye duka atakuonyesha boksi la blanki mchanganyiko akuambie uchague inayofanana. Kufanana kwa macho kunatosha kwa kufuli la stoo ya mahindi. Hakutoshi hapa. Simu inayofungua katalogi ya mtandaoni haigharimu kitu, na tungependa kuona mafundi wetu vijana wanaitumia.

Ukichapisha ukurasa wa katalogi kwa ajili ya kulaza ufunguo juu yake, hakikisha printa haijapunguza ukubwa: chagua asilimia 100, kisha pima mstari wa kipimo uliomo kwenye ukurasa kwa rula. Printa nyingi za steshenari zimewekwa kupunguza karatasi ili iingie vizuri, na hapo mchoro wote umedanganya. Njia nyingine ni kulaza ufunguo kwenye skana pamoja na rula, ukapata picha ya ukubwa halisi ya kumtumia fundi aliye mbali. Ila tahadhari, na hili tunalisisitiza: picha ya ufunguo wa sefu ni ufunguo. Ukiskani steshenari, simama pale hadi faili lifutwe kwenye kompyuta na kwenye kapu la takataka la kompyuta. Usilitume kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Kwa kutafuta blanki huhitaji kuonyesha ngazi. Funika meno kwa kipande cha karatasi, acha shina, kola na muhtasari wa bawa vionekane. Fundi wa blanki hahitaji zaidi ya hapo.

Blanki za sefu zenyewe zinatoka wapi? Kwa Dodoma, mara nyingi jibu ni Kariakoo jijini Dar es Salaam, na kama haipo Kariakoo, ni kuagiza nje. Kipande kimoja cha ufunguo wa sefu usikipe dereva wa basi kama kifurushi. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, mtu mmoja anaweza kwenda asubuhi na kurudi siku hiyo hiyo na ufunguo mfukoni mwake, na hiyo ndiyo njia tunayoipendelea. Bora zaidi, acha ufunguo ofisini, peleka karatasi ya vipimo, nunua blanki mbili au tatu za namba hiyo, uzilete zichongwe hapa mbele ya mlango wa sefu. Mbili au tatu, si moja, kwa sababu kuchonga mabawa mawili kwa mkono ni kazi ambayo ya kwanza huenda ikaharibika.

Angalia blanki imetengenezwa kwa nini. Chuma na shaba iliyopakwa nikeli zinafaa. Jihadhari na zile nyepesi za kumiminwa, za aloi ya zinki: zikichongwa nyembamba kwenye ngazi za chini zinavunjika, na kipande kinabaki ndani ya kitasa. Na zipo kazi mbili ambazo fundi akikupendekezea, mshukuru uende kwingine. Ya kwanza ni kuchukua ufunguo wa kitasa cha Union na kuuchomelea bawa la pili. Joto la kuchomelea linapinda shina, na bawa halikai katikati tena. Ya pili ni kulikwangua shina nene kwa tupa hadi liingie. Shina lililopigwa tupa si duara, linakwaruza tundu, na chembe za chuma zinabaki kati ya leva. Kama shina lazima lipunguzwe, lipunguzwe kwenye mashine ya kereza.

Siku ya kuchonga, mwite fundi kwenye sefu. Fundi bora wa Dodoma kwa kazi hii, kwa maoni yetu, ni yule anayekubali kuja na jiliwa ndogo na tupa zake hadi Mtumba, Nzuguni au kijijini Chamwino, badala ya kukuambia uje na ufunguo mezani urudi kujaribu. Mlipe usafiri, ni haki yake. Mlango uwe wazi muda wote. Mlango ukiwa wazi, zungusha mpini makomeo yatoke nje kama vile umefunga, kisha fungia kwa ufunguo mpya. Baadhi ya sefu zina kizuizi ukingoni mwa mlango kinachozuia makomeo yasitoke mlango ukiwa wazi. Kibonyeze kwa kidole. Ufunguo mpya ufunge na kufungua si chini ya mara kumi, bila kutingishwa, bila kuvutwa nyuma kidogo. Ukihitaji kuvutwa nyuma kidogo ndipo uzunguke, umbali wa kola hadi bawa umezidi. Ukihitaji kusukumwa, uchafu upo ndani au bawa limegota. Ukizunguka nusu na kugoma, usiendelee. Utoe, tafuta alama inayong'aa kwenye ngazi, pima ngazi hiyo dhidi ya ile ya ufunguo wa zamani. Tofauti ikizidi sehemu ya kumi ya milimita, umempata mkosaji. Baada ya marekebisho, piga brashi kuondoa chembe kabla ya kurudisha ufunguo ndani. Na fahamu kwamba kwenye sefu nyingi za leva ufunguo hautoki komeo likiwa wazi. Hiyo siyo kasoro, imekusudiwa hivyo.

Bei haziko sawa, na hatutaweka namba kwa sababu zinategemea blanki. Lakini dai bei mbili tofauti: ya blanki na ya mkono. Fundi anayetaja bei moja ya jumla kabla hajauona ufunguo bado hajajua anachouza. Na kubaliana mapema kwamba malipo ya mkono yanakamilika baada ya majaribio ya mlango wazi, siyo baada ya mashine kunyamaza.

Kuna hali ambayo tunasema acha kutafuta blanki. Kama huna ufunguo hata mmoja mzima na mlango umefungwa, blanki haikusaidii. Hiyo ni kazi ya fundi wa sefu, anayejua pa kutoboa bila kuharibu mlango, na baadaye anabadilisha kitasa. Hata kama mlango unafunguka, ikiwa ufunguo pekee ni nakala mbovu au hujui nani mwingine anao, kubadilisha kitasa ni matumizi mazuri ya pesa za ofisi kuliko kuchonga nakala ya tatu. Vitasa vingi vya kisasa vya sefu vinafungwa kwa skrubu kwenye matundu ya mpangilio mmoja unaojulikana, wa milimita 41.3 kwa 66.7 kati ya vituo vya matundu. Pima matundu ya kasha lako. Yakilingana, una uchaguzi mpana wa vitasa vipya, kila kimoja na funguo zake mbili kutoka kiwandani. Yasipolingana, usikubali mlango utobolewe matundu mapya bila ushauri: nyuma ya kasha kunaweza kuwa na bamba gumu la kuzuia drili, au mtego unaofunga mlango moja kwa moja ukiguswa.

Mwisho ni suala la uaminifu, na hapa tunawasifu mafundi kadhaa wa mjini. Fundi mzuri wa funguo za sefu hukataa kazi ya mtu asiyemjua. Anataka barua ya ofisi yenye muhuri, kitambulisho cha aliyemleta, na ufunguo ukiwa umepotea, taarifa ya upotevu kutoka polisi. Kwa Saccos, AMCOS na shule, anapaswa kuona pia kwamba wajumbe wawili wamekubali, na ufunguo mpya unaandikwa kwenye daftari pamoja na jina la anayeutunza. Usikasirike ukiulizwa hivyo, mkasirikie asiyeuliza. Kazi ikiisha, chukua funguo zote: mpya, wa zamani, zile zilizoharibika wakati wa kuchonga, na karatasi ya vipimo. Namba iliyogongwa kwenye ufunguo usiiache kwenye daftari la fundi. Blanki iliyobaki bila kuchongwa unaweza kumwachia, ila ile yenye ngazi hata tatu tu, ikate vipande viwili kwa msumeno kabla haijaondoka chumbani. Ufunguo wa akiba upelekwe mahali pengine, nje ya jengo hilo, na kamwe usifungiwe ndani ya sefu yenyewe.